Majukwaa ya Kukodisha Kiegei: Mshindani Wako ni Mrunda

Kiegei, huku Nachingwea, hakuna maghorofa, na hilo ulikubali kabla hujatoa hata shilingi moja. Ukitaja biashara ya majukwaa ya ujenzi, wengi huona Kariakoo: mabomba yamepanda orofa kumi, wavu wa kijani umetandazwa, watu wanatembea juu kama hawana wazazi wanaowangoja nyumbani. Biashara hiyo ina wenyewe, nayo haiji Nachingwea kesho wala keshokutwa. Kinachojengwa huku ni nyumba ya vyumba vitatu yenye bati la msauzi, darasa, zahanati, msikiti, kanisa, na ghala la chama cha msingi. Kazi nyingi zinaishia mita tatu na kidogo kutoka chini. Kwa hiyo usianze kwa kuota urefu.

Pita kwenye nyumba inayopigwa lipu uangalie mafundi wamesimama juu ya nini. Utakuta mirunda imechimbiwa ardhini, mingine imelazwa na kufungwa kwa kamba au kupigiliwa misumari ya inchi nne, juu yake mbao mbili zilizobaki kwenye kenchi. Mahali pengine ni mapipa mawili na ubao. Kazi ikiisha, mirunda inakuwa kuni, misumari imepinda, na nyumba ya jirani ikianza watu wanarudi tena porini kukata mingine. Huyo ndiye mshindani wako. Hutashindana na kampuni ya mjini; utashindana na mrunda, na mrunda ni rahisi.

Ni rahisi, lakini si wa bure, na hapo ndipo riziki yako ilipo. Kaa na fundi mmoja anayekuheshimu, mhesabu pamoja nyumba moja: mirunda mingapi na imeletwa kwa shilingi ngapi, misumari kilo ngapi, kamba, na nusu siku au siku nzima ya fundi na saidia fundi wake kufunga, kufungua na kuhamisha kutoka ukuta hadi ukuta. Jumla hiyo ndiyo dari ya bei yako. Ukitoza zaidi ya hapo, mwenye nyumba atakusikiliza kwa adabu kisha atakwenda porini. Ukitoza theluthi mbili yake na jukwaa likasimama kwa nusu saa, fundi mwenyewe atakutafutia wateja, maana nusu siku anayookoa ni yake.

Tuchukue mfano, tarakimu ni za kujifunzia tu. Fremu moja imekugharimu shilingi 60,000, unaikodisha shilingi 500 kwa siku. Inahitaji siku 120 za kuwa kazini ili irudishe fedha yake, kabla ya usafiri, rangi na zilizopotea. Swali linabaki moja: Kiegei fremu hiyo itakuwa kazini siku ngapi kwa mwaka? Mtu wa Mwanza mjini angesema mia tatu. Wewe usiseme hivyo, kwa sababu ya kalenda.

Fedha ya huku ina msimu

Nachingwea na Ruangwa hujenga kwa korosho, ufuta na mbaazi. Ufuta huuzwa kuanzia mwanzoni mwa kiangazi, mbaazi hufuata, korosho huanza kuingia ghalani Oktoba na minada huendelea hadi karibu na mwaka mpya. Mvua nazo huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili. Ukiweka kalenda hizo mbili juu ya meza utaona madirisha mawili ya kazi. La kwanza ni kiangazi, fedha ya ufuta ikiwa mkononi: matofali yanachomwa, kuta zinapanda, watu hawana haraka. La pili ni fujo. Malipo ya korosho yameingia benki, mawingu yameshaanza kukusanyika, na kila mwenye kuta anataka bati juu wiki hiyohiyo. Katika dirisha hilo la pili fremu zako zote zitatoka siku moja na simu hazitakoma.

Fanya mambo mawili kutokana na hilo. Nunua na chomelea vifaa kati ya Februari na Mei, wachomeleaji wa Nachingwea mjini na Masasi wakiwa na nafasi ya kukusikiliza. Usisubiri Oktoba, utapewa fremu zilizopinda na ahadi. La pili: usikodishe kwa mkopo wa "nitakulipa korosho ikiuzwa". Wakulima wa kusini hawajasahau msimu wa 2018, wanunuzi walipogoma kutoa bei, serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likasomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri, lakini uhakiki ulichukua muda na malipo ya wengi yalichelewa sana. Waliokuwa wamekopesha saruji, bati na vifaa waliumia pamoja na wakulima, ila wao hawakuwa na hata kilo moja ghalani ya kudai. Mwenye korosho yake akusubirishe kwa amana, si kwa neno.

Nje ya kalenda hiyo kuna majengo ya umma, nayo ndiyo yatakayokupa siku za kazi mvua ikiwa imekatika na mifuko ya watu mitupu. Tangu mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3 uliojenga madarasa 15,000 nchini kote mwaka 2021 hadi 2022, kisha miradi ya SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa msingi, sehemu kubwa ya fedha hizo hufika hadi akaunti ya shule au kituo, na ujenzi hufanywa na mafundi wa hapo hapo badala ya mkandarasi, utaratibu ambao watu wa halmashauri huuita fosi akaunti. Anayeamua pale ni kamati ya ujenzi ya shule, mwalimu mkuu na fundi aliyepata kazi. Waone hao mapema. Ila watakuomba risiti na namba ya mlipa kodi, na siku hizi manunuzi ya umma hupitia mfumo wa NeST, kwa hiyo mtu asiye na makaratasi ataishia kukodisha kwa fundi tu, naye fundi atamlipa akilipwa.

Vifaa: weka chuma kwenye mizani ya korosho

Kwa ukuta wa mita 9, ambao ni kama upande mrefu wa darasa, panga fremu kila baada ya mita moja na nusu. Utahitaji fremu 7 na krosi 12, yaani vyuma vya mshazari vya kufunga fremu kwa fremu, mbili kila nafasi, ya mbele na ya nyuma. Mbao ziwe za inchi 2 kwa 8, urefu wa futi 12. Ubao mmoja unavuka nafasi mbili na kubaki na kipande cha kulalia ubao wa jirani. Ukipanga mbao nne kwa upana unapata njia ya sentimita 80 hivi, na jumla ni mbao 12. Ongeza mabamba 14 ya kukanyagia chini, ngazi moja, na mabomba ya mkono wa kushikia. Hiyo ndiyo seti yako ya kwanza. Inatosha kuanza, na inaingia kwenye kirikuu.

Neno hilo la kirikuu nalirudia makusudi. Njia ya kutoka mjini hadi Kiegei ni ya vumbi, na mvua ikishika hugeuka mambo mengine. Bomba la mita 6 linataka kenta au fuso, na fuso haiji kwa mteja mmoja mwenye nyumba ya vyumba vitatu. Fremu yenye upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 1.7 inalala vizuri kwenye kirikuu au guta la matairi matatu. Mabomba ya mkono wa kushikia yakate mita 3. Kila kitu unachokinunua jiulize kwanza kitafikaje Mbondo au Kilimarondo mwezi wa pili, kwa sababu usafiri ndio utakaokula faida kabla ya kodi.

Chuma chenyewe: omba bomba la inchi moja na nusu, lile la maji. Kipenyo chake cha nje ni milimita 48.3, na kipimo hicho ndicho cha mabomba ya majukwaa karibu dunia nzima, hivyo siku ukinunua klampu Dar es Salaam zitakaa bila kulazimishwa. Unene wa ukuta wa bomba uwe milimita 3.2 au zaidi. Tatizo ni kwamba madukani kuna bomba la sura hiyohiyo lililotengenezwa kwa ajili ya vitanda na mageti, jembamba, na kwa macho hutambui, hasa likishapakwa rangi. Hapa ndipo kijiji cha wakulima wa korosho kinapomzidi mtu wa mjini: mizani ipo. Bomba la mita 6 lenye unene unaotakiwa lina uzito wa kilo 21 hivi. Likija kilo 13, rudisha bila ugomvi. Mwambie mchomeleaji kabisa kwamba utapima kila fremu kabla ya kulipa. Fremu nzima ya kipimo nilichotaja hukaribia kilo 20. Kisha tazama mshono wa kuchomelea pale ubavu unapokutana na mguu. Ukiwa umezunguka bomba lote, sawa. Ukiwa ni nukta mbili tatu, huyo amekuchomelea kiti.

Mbao ndizo huua watu kabla ya chuma. Zitafute za paini zilizokauka, pindua kila moja, kataa yenye fundo kubwa karibu na katikati. Usizipake rangi hata kidogo, kwa sababu rangi huficha ufa. Funga ncha kwa ukanda wa bati ili zisipasuke, andika herufi zako kwa chuma cha moto. Na zisilale chini. Udongo wa huku una mchwa asiyelala: ubao ulioachwa wiki mbili juu ya ardhi yenye unyevu unaweza kuonekana mzima juu huku tumbo lote limeliwa. Kabla haujatoka kwenda kwa mteja, uinue, uegemeze juu ya matofali mawili, mtu mzima asimame katikati na kuchezacheza. Ukilia, ukate uwe ubao wa kisigino, ule wa kuziba ukingo.

Watu watakuuliza kwa nini usianze na mirunda ya kukodisha, kwa kuwa ni bei poa. Hong Kong walijenga maghorofa marefu kwa mianzi iliyofungwa kwa mkanda, kwa hiyo mti si aibu. Lakini mwanzi wao huchaguliwa, hukaushwa na kufungwa na mafundi waliosomea kazi hiyo. Mirunda ya miombo haina unyoofu, inaliwa na mchwa, na kuikata kwa biashara kunahitaji kibali cha misitu na hati ya kusafirishia. Ukiitaka kwa ajili ya kushikilia mbao za zege, nunua kwenye kijiji chenye msitu wake uliopimwa, ulipe ushuru, utunze risiti. Vinginevyo utakutana na watu wa misitu, TFS, barabarani na utaacha mzigo pamoja na kirikuu ya mtu.

Kusimamisha si kazi ya mteja

Mimi nisingekodisha kwa mtu atakayesimamisha mwenyewe. Bei yako iwe na mtu wako ndani yake. Akienda, anasawazisha ardhi, anaweka kipande cha ubao chini ya kila bamba, hasa kwenye udongo mwekundu uliolowa, maana mguu mmoja ukididimia sentimita tano juu kule mambo yameshapinda. Anafunga krosi kabla hajaruhusu mtu kupanda. Anahakikisha ncha ya ubao wa mwisho haitokezi hewani; pale ambapo ubao wa futi 12 umezidi fremu ya pembeni kwa sentimita 30, fundi akikanyaga nje ya fremu ubao unanyanyuka kama pembea naye anashuka nao. Ifunge kwa waya au ikate. Mkono wa kushikia uwe mita 1 juu ya mbao, mwingine katikati, na ubao wa kisigino ukingoni ili nyundo isimwangukie anayekoroga udongo chini.

Ngazi iegemezwe kwa hesabu ya mita nne kwenda juu, mita moja kutoka ukutani, na ipite mbao kwa mita moja ili mtu apate pa kushika.

Ukiweka fremu moja juu ya nyingine unafika mita 3.4. Hapo ndipo pa kusimama ikiwa jukwaa liko peke yake. Kanuni inayofuatwa sana ni kwamba urefu usizidi mara tatu ya upande mwembamba wa chini, na mara tatu ya mita 1.2 ni 3.6. Fremu ya tatu isipande bila kufunga jukwaa ukutani, ukuta ulioshika, si fremu ya dirisha iliyowekwa jana. Kazi inayodai hivyo huku ni pembetatu ya ukuta inayobeba paa la shule, na minara ya nyumba za ibada.

Uzito pia usiuache kwa fundi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo wa saruji inakaribia kilo 40. Mafundi wawili, saidia mmoja na ndoo nne tayari ni zaidi ya kilo 350, na hapo bado hakuna tofali. Andika kwenye mkataba kwamba tofali hazirundikwi juu ya jukwaa; zinapandishwa chache chache.

Mkataba, daftari na rangi

Rangi ya fremu zako isifanane na ya mtu. Chomelea namba kwenye kila fremu, kwa sababu rangi inafutika. Kinachopotea si fremu bali vidogo: pini, klampu, mabamba ya chini. Vipeleke ndani ya gunia lenye idadi iliyoandikwa, vihesabiwe mbele ya mteja wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na bei ya kila kilichopotea iwe imeandikwa tangu siku ya kwanza, si siku ya ugomvi.

Mkataba uwe wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, majina mawili, idadi, tarehe ya kurudisha, bei kwa siku, amana, na sahihi ya shahidi. Kijijini shahidi mzuri ni mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, na mteja akijua karatasi imepita ofisini hukumbuka tarehe. Kwa wazee usianze na karatasi. Msalimie, kaa, zungumza habari za shamba, kisha mwambie, "Mzee wangu, hii ni ya kutukumbusha sote wawili, mimi ndiye msahaulifu." Atatia sahihi akicheka.

Nyumba za ibada zina utaratibu wao, na hapa wageni wa biashara huanguka. Msikiti au kanisa hujengwa kwa michango: wiki hii lipu, miezi miwili kimya, kisha rangi. Jukwaa lako litasimama hapo kuanzia mfungo hadi mfungo, na hakuna atakayethubutu kulifungua wala wewe kumdai imamu au padri kila Ijumaa na Jumapili. Kubali kazi hizo, lakini kwa awamu: siku kumi, linashuka, linarudi fedha ikipatikana. Kama unataka kutoa sadaka, itoe kwa kupunguza bei waziwazi mbele ya kamati. Sadaka ya kukaliwa na vifaa kimyakimya itakunyima kazi za Desemba.

Makaratasi kwa haraka

Jina la biashara husajiliwa BRELA kwa mtandao, namba ya mlipa kodi hutolewa bure na TRA, leseni ni ya halmashauri ya wilaya. Mweleze ofisa wa TRA kinagaubaga kwamba unakodisha vifaa. Wanaotoa huduma ya ujenzi hupangiwa kodi kwa njia tofauti na wafanyabiashara wadogo wa kawaida, na kusahihisha baadaye ni safari nyingi za mjini. Ukiwa na watu unaowalipa, unahusika na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayosimamiwa na OSHA, na unawaandikisha kwenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ili akianguka mtu asitegemee mchango wa msiba. Wapeleke vijana wako VETA kurasimisha ujuzi walioupata kazini. Cheti hicho kitawasaidia siku mkitaka kuingia kwenye mradi wenye mhandisi.

Mtaji: kabla ya kukopa kwa riba, uliza mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, hauna riba, na hutolewa kwa vikundi. Biashara hii inaupenda mfumo wa kikundi kuliko nyingi, kwa sababu inahitaji mchomeleaji, mtu wa daftari, dereva wa guta na wawili wa kusimamisha. Kikundi cha wauza nguo watano hugombania duka moja. Nyinyi kila mmoja ana lake la kufanya.

Usikimbilie Ruangwa

Seti ya kwanza ikishalipa, utashawishika. Ruangwa kuna mgodi wa kinywe wa Lindi Jumbo kule Matambarale, Lindi mjini watu bado wanazungumzia mtambo wa gesi wa Likong'o. Migodi hutumia majukwaa kweli, lakini hudai vyeti vya kila bomba, wasimamizi waliofuzu, bima, na hulipa baada ya siku nyingi. Likong'o imezungumzwa miaka mingi. Usikope kwa ajili yake. Nachingwea yenyewe iliwahi kuona mradi wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, ulionunua mitambo na kutandika reli ya kwenda pwani kabla ya kujua ardhi na mvua vinasemaje. Reli iling'olewa miaka ya 1960.

Seti ya pili iwe nakala ya ya kwanza, kipimo kilekile, ili fremu ya huku iingie kule. Iweke kwa mtu unayemwamini Nachingwea mjini, si Kiegei, kwa sababu kule kazi za rangi na ukarabati huendelea hata wakati wa mvua. Ya tatu ndiyo ifikirie majukwaa marefu ya kusukumwa: magurudumu yenye breki, klampu za kiwandani, mikanda ya usalama. Na kila Aprili, kabla ya ufuta, zitoe zote nje juani, sugua kutu kwa brashi ya waya, pima mishono, paka rangi mabomba, na zilizopinda uzikate ziwe krosi.